Kipande cha Feza cha Zamani: Sababu Gani Bei Yake Inapita Uzito Wake?

Juma hizi watu wamepita katika mitaa yetu na katika vijiji wakiulizia «feza za zamani». Wanakwenda nyumba kwa nyumba. Wanauliza kama babu au bibi aliacha sarafu ndani ya sanduku, wanaziweka juu ya balansi, wanataja bei, wanalipa palepale, wanaondoka. Mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba aliwauzia vipande vinne vilivyoachwa na baba mkwe wake. Alipata feza ya kununua kikwembe kimoja, akafurahi. Siku tatu kisha, kijana wake alituonyesha picha alizopiga kwa telefone mbele ya mauzo. Vipande viwili vilikuwa vya mwaka 1944, vyenye tembo. Kimoja kilikuwa na kichwa cha Leopold wa Pili, na kilikuwa kikubwa kama kifuniko cha chupa kubwa. Tuliangalia picha ile, tukanyamaza.

Hatuandiki makala haya ili kumcheka mama huyo. Kila mmoja wetu angefanya vilevile, kwa maana mnunuzi alipima kilo yake sawasawa, na bei aliyotaja ilikuwa karibu na bei ya feza yenyewe, ile madini nyeupe. Hakuiba kwa balansi. Alichoficha ni jambo moja tu: kuna sarafu ambazo hazinunuliwi kwa balansi. Leo tunataka tulieleze jambo hilo polepole, kama darasani, ili kila mama aelewe kile anachokilinda ndani ya sanduku.

Kipande kimoja, bei tatu

Sisi huku tunasema «feza» kwa mambo mawili. Feza ni madini nyeupe ya kutengenezea pete na hereni. Feza tena ni pesa ya sokoni. Si bahati tu. Zamani pesa ilikuwa ni madini hiyo kweli, na neno moja lilitosha. Lakini leo mambo hayo mawili yameachana, na jambo la tatu limeongezeka. Kwa hiyo sarafu ya feza ya zamani ina bei tatu.

Bei ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake: 50 francs, 5 francs, 1 rupia. Bei hiyo imekwisha kufa. Serikali iliyoiahidi haiko tena, na hakuna duka litakalokupa hata kibiriti kwa 50 francs za Congo Belge. Sisi Wakongomani tunalijua jambo hili vizuri. Wazazi wetu wanakumbuka mwisho wa mwaka 1979, wakati noti za zaire 5 na zaire 10 zilipofutwa kwa siku chache tu. Tunakumbuka mwaka 1993, zaire milioni 3 zilipogeuka kuwa zaire mpya 1. Na mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franga 1 ya leo. Bei iliyoandikwa ni ahadi ya serikali, na ahadi inaweza kufa.

Bei ya pili ni ya madini. Hiyo haifi. Serikali ikianguka, feza inabaki feza, na bei yake inapanda na kushuka kila siku katika masoko ya dunia. Ndiyo bei ambayo mnunuzi mwenye balansi anaitafuta.

Bei ya tatu ni ya watafutaji, yaani watu wanaokusanya sarafu. Wako wengi Ulaya, Amerika, Asia, na Afrika pia. Wanataka kuwa na kipande cha kila nchi, cha kila mfalme, cha kila mwaka. Kwao uzito ni mwanzo wa hesabu tu. Kama wanaotaka kipande fulani ni wengi, na vipande ni vichache, bei ya tatu inaiacha bei ya pili mbali sana.

Tufanye hesabu

Sarafu ya feza si feza tupu. Feza tupu ni laini, inachakaa haraka mikononi mwa watu, kwa hiyo mafundi waliichanganya na shaba. Kipimo cha feza iliyo ndani wanakihesabu juu ya 1.000. Sarafu ya 900 ina sehemu 900 za feza na 100 za shaba. Sarafu ya 500 ni nusu kwa nusu.

Basi tuangalie vipande vinavyoweza kukutwa katika masanduku ya upande wetu.

Kipande cha 50 francs cha mwaka 1944 kina uzito wa gramu 17,5, kipimo 500. Kwa hiyo kina gramu 8,75 za feza.

Kipande cha 5 francs cha Leopold wa Pili kina gramu 25, kipimo 900. Kina gramu 22,5 za feza.

Kipande cha 2 francs cha Leopold huyohuyo kina gramu 10, kipimo 835. Kina gramu 8,35 za feza.

Rupia ya Wadachi wa Afrika ya Mashariki ina gramu 11,66, kipimo 917. Ina karibu gramu 10,7 za feza.

Reale ya zamani, yenye sura ya mama wa kizungu na mwaka 1780, ina gramu 28 na kidogo, kipimo 833. Ina karibu gramu 23,4 za feza.

Ili kujua bei ya madini, unazidisha gramu za feza kwa bei ya gramu moja siku ile. Tuchukue mfano wa hesabu tu, gramu moja iwe dolari 1. Hapo 50 francs ya 1944 ingekuwa na madini ya dolari 8,75, reale dolari 23,4, na 5 francs ya Leopold dolari 22,5.

Sasa angalieni vizuri. Reale na 5 francs ya Leopold ziko karibu sawa kwa feza, na reale inapita kidogo. Lakini kwa watafutaji, reale ya kawaida inauzwa karibu na bei ya madini yake, na 5 francs ya Leopold, hata ikiwa imechakaa, mara nyingi inafika mamia ya dolari. Na 50 francs ya tembo, yenye feza kidogo namna hiyo, mara nyingi inauzwa kwa makumi ya dolari. Sababu gani?

Sababu ya kwanza: ni ngapi zilipigwa?

Mwaka 1885 Leopold wa Pili alijitangaza kuwa mfalme wa État Indépendant du Congo, na toka mwaka 1887 alipigisha sarafu za nchi hiyo. Za shaba zilikuwa na tundu katikati. Za feza zilikuwa za centimes 50, franc 1, francs 2 na francs 5. Zilifuata vipimo vya mapatano ambayo Ubelgiji, Ufaransa, Italia na Uswisi zilifanya mwaka 1865, ili feza ya nchi moja ipokelewe katika nchi nyingine.

Lakini sarafu hizo zilikuwa chache. Za francs 5 za mwaka 1887 zilipigwa elfu chache tu, kwa nchi kubwa kama hii yetu. Serikali ya Leopold haikuwa na haja ya sarafu nyingi, kwa maana haikutaka kulipa watu feza. Mabibi na mababu zetu walilazimishwa kuleta mpira wa porini na pembe za tembo. Wale waliopewa kitu walipewa nguo, ushanga, chumvi, au vipande vya waya wa shaba vilivyoitwa mitako. Wengi hawakupewa kitu, walipata fimbo na risasi. Kwa hiyo sarafu kubwa ya feza ya wakati ule ni adimu kwa sababu ya mateso yale yale tunayowafundisha watoto katika somo la historia. Anayekishika kipande hicho, anashika ushuhuda wa nchi ambamo kazi haikulipwa.

Angalieni tena rupia ya Wadachi. Ya rupia 1 ilipigwa kwa miaka mingi, na bado inaonekana. Lakini ya rupia 2 ilipigwa miaka 2 tu, 1893 na 1894. Kwa uzito, kipande cha rupia 2 ni sawa na vipande viwili vya rupia 1. Kwa watafutaji, kinapita mara nyingi bei ya viwili hivyo.

Sababu ya pili: ni ngapi zimebaki?

Kupigwa ni jambo moja, kubaki ni jambo lingine. Sarafu za feza zina adui mkubwa, ni moto. Kila mara bei ya madini inapopanda kupita bei iliyoandikwa, watu na serikali wanaziyeyusha. Mfano mkubwa uko Marekani. Kwa sheria ya mwaka 1918, dolari za feza zaidi ya milioni 270 zilitiwa motoni, na sehemu kubwa ya feza hiyo iliuzwa kwa Waingereza kwa ajili ya rupia za India. Baada ya moto ule, dolari za miaka fulani zikawa ngumu kupatikana. Ile ya mwaka 1893 iliyopigwa katika mji wa San Francisco, iliyokuwa 100.000 tu tangu mwanzo, leo inauzwa kwa maelfu ya dolari hata ikiwa imechakaa sana. Ile ya mwaka 1921, yenye uzito uleule na feza ileile, ilipigwa kwa makumi ya milioni, na inauzwa si mbali na bei ya madini.

Huku kwetu pia mafundi wa pete na bangili wameyeyusha vipande vingi. Na kila kipande kinachoyeyuka leo kinapandisha bei ya vile vinavyobaki. Mnunuzi mwenye akili anajua hilo. Vya kawaida anavipeleka kwenye moto, vya adimu anavitia mfukoni peke yake.

Sababu ya tatu: nani anakitaka?

Kitu kinaweza kuwa adimu bila mtu kukitaka. Bei inapanda pale watu wanapokitafuta. 50 francs ya 1944 ilipigwa milioni 1, si kidogo. Lakini ina mambo matatu yanayoita watafutaji. Ilipigwa mwaka mmoja tu. Ina picha nzuri ya tembo. Na ina historia ya vita. Wakati ule Ubelgiji ilikuwa chini ya Wadachi wa Hitler, na Congo Belge haikuweza kupigisha feza Brussels kama kawaida. Ikabidi kazi ifanywe mbali: 50 francs hii Pretoria, Afrika Kusini, na ile 2 francs ya 1943 yenye pembe sita Philadelphia, Marekani. Wabelgiji wanaitafuta, wanaopenda vita vya dunia wanaitafuta, wanaopenda picha za wanyama wanaitafuta. Watu watatu wakigombania kitu kimoja mnadani, bei haikai chini.

Na mtafutaji hahitaji kila mara madini ya bei. Ile 2 francs ya pembe sita ni ya shaba ya njano tu, lakini ina bei. Vipande vya Katanga vya mwaka 1961, vyenye ndizi na msalaba wa shaba, si vya feza, lakini navyo vina watu wao.

Sababu ya nne: iko katika hali gani?

Sarafu iliyopita mikononi mwa watu inachakaa. Nywele za mfalme zinafutika kwanza, kisha sikio, kisha maandiko ya pembeni, mwishoni mwaka. Watafutaji wanapima hali hiyo kwa namba, toka 1 mpaka 70. Ya 70 ni kama imetoka kiwandani leo. Kipande kilichotumika sokoni kinaweza kuwa na 10, 20 au 40, na bado kikauzwa kupita madini yake, mradi mwaka unasomeka, na mradi hakuna aliyekiharibu kwa makusudi. Kuchakaa kwa matumizi ni kama mikunjo ya uso wa mzee, hakuna anayeikasirikia. Tundu, kukatwa, kupigwa nyundo na kusuguliwa ni mambo mengine kabisa.

Zamani peke yake haitoshi

Hapa wengi wanadanganyika kwa upande mwingine. Wanasikia habari kwenye telefone kwamba sarafu ya zamani inaweza kununua parcelle na nyumba, na wanaanza kuota. Wamama, tusiote. Sarafu nyingi za zamani hazina bei kubwa. Makuta na zaire za wakati wa Mobutu zilipigwa kwa wingi na madini yake ni hafifu. Watoto wanaweza kuzichezea.

Na mwaka ulioandikwa unaweza kudanganya. Reale ile ya Maria Theresia ina mwaka 1780, mwaka ambao malkia huyo alikufa. Lakini wafanyabiashara wa Arabuni na wa Afrika waliipenda hata wakakataa nyingine, basi viwanda vya Vienna, na baadaye vya miji mingine kama London, Roma na Bombay, vikaendelea kuipiga na mwaka uleule 1780. Misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka Zanzibar mpaka Ujiji na Manyema iliijua vizuri. Reale unayoikuta leo inaweza kuwa ya wakati wa babu yako, si ya miaka 240 iliyopita. Ni feza kweli, ina bei ya madini, na mara nyingi si zaidi sana.

Namna ya kuzitambua

Tutaje tena kwa ufupi, ili kila kikundi kiweze kubandika ukurasa huu ukutani.

Ya Leopold wa Pili: upande mmoja kichwa cha mfalme mwenye ndevu ndefu, na maneno ÉTAT INDÉP. DU CONGO. Upande mwingine alama ya serikali na nyota. Miaka yake ni 1887 mpaka 1896.

Ya 50 francs: tembo upande mmoja, mwaka 1944, na jina la banki kwa kifaransa na kiflamande, BANQUE DU CONGO BELGE na BANK VAN BELGISCH CONGO.

Rupia ya Wadachi: kichwa cha Wilhelm wa Pili, mwenye kofia ya vita yenye ndege juu yake. Kabla ya 1904, upande mwingine una simba na mti wa mtende. Toka 1904 unasoma DEUTSCH OSTAFRIKA na 1 RUPIE. Tusishangae kuzikuta upande wetu. Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wadachi mpaka mwaka 1916, na toka Uvira mpaka Usumbura ni kuvuka Ruzizi tu. Mwaka ule askari wa Force Publique, wana wa nchi hii, walifika mpaka Tabora, na wachukuzi wengi nyuma yao.

Wamama wanaofanya kazi karibu na machimbo ya zahabu wana msaada mmoja zaidi. Wanajua «tola», kipimo cha wanunuzi wa zahabu. Tola ni gramu 11,66, na ndiyo uzito wa rupia ya India na ya Wadachi pia. Rupia nzima isipofikia karibu tola moja, shaka iingie.

Na tujihadhari na za uongo, kwa maana kitu chenye bei hakikosi waigaji. Jaribio la kwanza ni sumaku: feza haivutwi. Jaribio la pili ni uzito, kufatana na gramu tulizotaja. Kipande kinachochakaa kinapoteza kidogo tu. Kikipoteza gramu 3 au 4, kuna neno. Jaribio moja peke yake halitoshi. Kuna madini nyingine ambazo hazivutwi na sumaku.

Tafadhali, msisugue!

Hapa tunawaomba sana, kwa maana sisi wamama tunapenda vitu ving'ae. Sufuria ikiwa nyeusi tunachukua majivu, mchanga, ndimu, tunasugua mpaka tuone uso wetu ndani. Kwa sarafu, kazi hiyo nzuri ni hasara. Weusi ule unaokuja juu ya feza kwa miaka ni ngozi yake. Unamwonyesha mtafutaji kwamba kipande hakijaguswa. Majivu na mchanga vinaacha mikwaruzo midogo, na yeye anaiona mara moja kwa kioo chake. Kipande kilichosuguliwa kinaweza kupoteza nusu ya bei au zaidi, na hakuna dawa ya kurudisha.

Kadhalika, msikitoboe ili mtoto akivae shingoni. Msikibandike kwa gundi. Kifungeni ndani ya karatasi safi na kavu au kitambaa laini, kila kimoja peke yake, ili visigongane. Kishikeni pembeni, si usoni.

Mbele ya kuuza

Mnunuzi akija, mama asikimbilie. Haraka haraka haina baraka. Tunapendekeza mambo haya.

Kwanza, piga picha ya pande zote mbili, na uandike mwaka, maneno yaliyopo, na uzito. Mtoto anayesoma école secondaire anaweza kufanya kazi hiyo kwa nusu saa, na ni somo zuri la hesabu na la historia.

Pili, usiuze vyote pamoja kwa bei moja. Mnunuzi anayesema «nipe vyote, nitakulipa kwa kilo» ndiye tunayepaswa kumwogopa. Vitenge: vya kawaida huku, vya adimu kule.

Tatu, tafuta bei zaidi ya moja. Wengi kati yetu tuna ndugu Ulaya. Brussels kuna maduka yanayonunua na kuuza sarafu za zamani, na vipande vya Congo vinajulikana huko kuliko mahali pengine. Ndugu anaweza kuonyesha picha tu, bila kipande kutoka nyumbani. Kumbukeni lakini kwamba mwenye duka naye anakula: hawezi kukulipa bei yote ambayo yeye atauzia. Kupunguza kidogo ni haki ya biashara. Kulipa sehemu ya kumi ni jambo lingine.

Nne, usitume feza kwa mtu anayesema atakununulia. Akisema «kipande chako kina dolari 20.000, tuma kwanza frais za makaratasi», ni mwizi. Mnunuzi wa kweli anatoa feza, haombi feza.

Tano, uza mbele ya mashahidi. Vikundi vyetu vya AVEC vina balansi ya akili inayopita ile ya chuma: wamama 25 wanaoulizana. Mnunuzi anapenda kumkuta mama peke yake mlangoni. Akikutana na kikundi, bei inabadilika.

Uze au uweke?

Limebaki swali ambalo balansi haiwezi kulijibu. Sarafu ya sanduku mara nyingi si ya mtu mmoja. Iliachwa na mzee, na watoto wake wote wana neno juu yake. Tumeona mjane akiuza ili alipe minerval ya watoto, kisha mashemeji wakaja kumshtaki kwamba ameiba urithi. Tumeona pia mashemeji wakichukua sanduku siku ya matanga, na mjane akibaki mikono mitupu. Sheria ya jamaa ya nchi yetu inamtambua mjane kati ya wariti. Basi kitu hicho kisemwe kwa wazi, wote wakiwepo, na kiandikwe: ni vipande vingapi, vya aina gani, viko kwa nani.

Kama shida ni kubwa, mtoto mgonjwa au amefukuzwa shule, kuuza si dhambi. Feza ya babu ikimsomesha mjukuu, imefanya kazi iliyo bora kuliko ile iliyopigiwa. Tunachokataa ni kuuza bila kujua. Kipande ambacho kingelipa mwaka mzima wa masomo kisiende kwa bei ya kikwembe.

Na kama mna vingi, wekeni kimoja. Siku moja mtoto atauliza uso ule ni wa nani, na kwa nini jina la nchi yetu limeandikwa chini ya ndevu za mtu ambaye hakufika huku hata siku moja. Hapo mama atakuwa na jibu la kumpa, na kitu cha kumwonyesha mkononi.

Kwa juma hili, kila kikundi kifungue masanduku. Leteni orodha na picha kwenye mkutano, si vipande vyenyewe. Tutazisoma pamoja.